Ukurasa Mweusi ni wa Nani?

Anayewasha mandhari meusi kwenye simu yake huwa na sababu moja kati ya tatu: chaji isiishe haraka, macho yasichoke, au usingizi usimpotee. Kila moja ina ukweli wake, na kila moja imetiwa chumvi. Ipo sababu ya nne ambayo haisemwi sana, nami naiona nzito kuliko hizo tatu: msomaji anastahili kuamua ukurasa umfikie kwa rangi zipi. Mamlaka hayo aliahidiwa tangu kurasa za intaneti zikiwa changa, akapokonywa polepole, na katika miaka ya karibuni amerudishiwa nusu tu.

Kwanza tuweke kando dhana kwamba weusi ni mtindo mpya. Skrini za kompyuta zilianza zikiwa nyeusi kwa sababu zilivyoundwa hazikuwa na namna rahisi ya kuwa vingine. Mwali wa elektroni ulipiga fosfori iliyopakwa upande wa ndani wa kioo, na pale ulipopiga ndipo palipong'aa. Pengine pote palibaki giza. Terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, ilionyesha herufi nyeupe juu ya weusi. Monita ya IBM 5151, iliyouzwa na kompyuta binafsi ya kwanza ya kampuni hiyo mwaka 1981, ilikuwa na herufi za kijani. Kuling'arisha eneo lote la kioo kuliwezekana, lakini picha ilichorwa upya mara 50 au 60 hivi kwa sekunde, na jicho hukutambua kupepesa huko zaidi pale eneo lenye mwanga linapokuwa pana. Kwa hiyo giza lilikuwa pia namna ya kumpumzisha mfanyakazi.

Weupe uliletwa na karatasi. Kompyuta ya Alto, iliyoundwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, ilikuwa na kioo kilichosimama wima kwa umbo la karatasi ya barua, na herufi zake zilikuwa nyeusi juu ya weupe. Xerox ilikuwa kampuni ya mashine za kunakili, na lengo lilikuwa barua ionekane kwenye kioo kama itakavyotoka kwenye mashine ya kuchapa. Macintosh ya mwaka 1984 ikaufuata mkondo huo, na baada yake karibu kila mtu. Weupe tunaouona leo kuwa hali ya asili ya kioo ni uamuzi wa kiofisi, uliofanywa na watu waliokuwa wakiiwazia karatasi.

Hoja ya chaji nayo ina historia, na sehemu yake inachekesha. Januari 2007, Mmarekani Mark Ontkush alipiga hesabu akasema kwamba ukurasa wa Google ungekuwa mweusi, dunia ingeokoa megawati-saa 750 za umeme kwa mwaka. Alitumia makisio kwamba monita inayoonyesha weupe mtupu hula wati 74, na inayoonyesha weusi wati 59. Kampuni ya Heap Media ya Australia ikaichukua hoja hiyo na kuanzisha Blackle, ukurasa mweusi wa kutafutia uliotumia injini ya Google. Watu wengi wenye nia njema wakaufanya ukurasa wao wa kwanza. Tatizo ni kwamba hesabu ilifaa monita nene za zamani, wakati ofisi na nyumba nyingi zilikuwa zimeshahamia kwenye skrini bapa za LCD. Google wenyewe wakajibu mwaka huohuo kwamba kwenye skrini hizo weusi hauokoi umeme, na unaweza hata kuongeza matumizi kidogo.

Sababu ni hii. Skrini ya LCD ina taa nyuma ya kioo, inayowaka muda wote simu ikiwa wazi. Mbele ya taa hiyo kuna fuwele za kimiminika zinazopitisha mwanga au kuuziba. Sehemu nyeusi ya picha ni mahali mwanga ulipozibwa njiani. Taa yenyewe inaendelea kula chaji. Skrini ya OLED ni kitu kingine kabisa: kila pikseli ni taa inayojitegemea, na penye weusi kamili taa imezimwa. Hapo ndipo hoja ya Ontkush, iliyokosea mwaka 2007, inapopata uhai.

Uhai wenye mipaka, lakini. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima programu maarufu za Android kwenye simu za OLED. Mwangaza ukiwa asilimia 100, kubadili kutoka mandhari meupe kwenda meusi kuliokoa kwa wastani asilimia 39 hadi 47 ya umeme. Mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, ambapo watu wengi huuacha wakiwa ndani, akiba ilikuwa asilimia 3 hadi 9 tu. Tuzitazame tarakimu hizo vizuri. Anayenufaika zaidi ni aliyefungua mwangaza wote, na sababu ya kawaida ya kufanya hivyo ni jua. Sasa juani ndipo ukurasa mweusi unaposomeka kwa taabu kubwa zaidi: mng'ao wa anga unarudi kutoka kwenye kioo, sehemu nyeusi hazina mwanga wa kuushinda, na badala ya habari unajiona uso wako na mawingu. Asubiriye daladala Kariakoo saa saba mchana ataokoa chaji nyingi kwa ukurasa asioweza kuusoma.

Tena hayo ni ya mwenye OLED. Simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Itel na Infinix zilizojaa madukani kwetu, kuanzia Mwanza hadi Mombasa, bado zina LCD. Mwenye simu hiyo akitaka chaji ifike jioni, ateremshe mwangaza. Rangi ya ukurasa haitamsaidia kitu cha maana. Inasikitisha kidogo kwamba ushauri wa kuwasha mandhari meusi ili kuokoa betri husambazwa bila maelezo kwa watu wale wale ambao hauwahusu.

Macho ndiyo sehemu ngumu, na hapa wapenzi wa giza hawatafurahi. Huko Düsseldorf, Ujerumani, Cosima Piepenbrock na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti uliowapima vijana na watu wazima wenye umri mkubwa. Vipimo vilikuwa viwili: uwezo wa jicho kutambua vitu vidogo, na kazi ya kusahihisha makosa katika maandishi. Makundi yote mawili yalifanya vizuri zaidi kwa herufi nyeusi juu ya weupe. Kazi yao iliyofuata ilionyesha kwamba faida hiyo huongezeka kadiri herufi zinavyozidi kuwa ndogo. Maelezo yao yako kwenye mboni. Mbele ya ukurasa mweupe mboni hunywea. Mboni ndogo hupunguza kasoro za lenzi na kuifanya picha inayofika nyuma ya jicho iwe kali. Mbele ya ukurasa mweusi mboni hutanuka, mwanga huingia kupitia kingo za lenzi pia, na herufi zinapoteza ukali wake. Mwenye astigmatizimu huliona jambo hili waziwazi: herufi nyeupe juu ya weusi humtawanyikia, kila mstari ukiwa na ukungu pembeni.

Ungeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba weupe umeshinda. Lakini macho yaliyopimwa Düsseldorf yalikuwa, kwa jumla, macho mazima. Gordon Legge wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1985 kwamba watu wenye uoni hafifu hawafanani. Wale ambao ndani ya macho yao pana ukungu, kama walio na mtoto wa jicho, walisoma vizuri zaidi herufi nyeupe juu ya weusi, kwa sababu ukurasa mweupe humwaga mwanga mwingi ambao ukungu ule huutawanya kila upande na kuzifunika herufi. Mtoto wa jicho ndio unaoongoza kwa kupofusha watu duniani, na wengi huishi nao miaka kabla ya kufanyiwa upasuaji. Bibi anayesogeza simu karibu na uso, akikunja paji, anaweza kuwa ndiye mtu anayeuhitaji ukurasa mweusi kuliko mjukuu wake aliyemwashia kwa sababu unapendeza.

Kuna pia matokeo ya Tübingen, Ujerumani, ya mwaka 2018, yaliyowashangaza wengi. Watafiti akiwemo Frank Schaeffel walipima unene wa koroidi, utando wenye mishipa ya damu ulio nyuma ya retina, baada ya mtu kusoma kwa saa moja. Aliposoma herufi nyeusi juu ya weupe utando ulipungua kwa takriban mikromita 16. Aliposoma nyeupe juu ya weusi uliongezeka kwa takriban 10. Kupungua kwa koroidi huhusishwa na jicho kurefuka, yaani na tatizo la kutoona mbali. Waliopimwa walikuwa wachache mno, na saa moja si utoto mzima wa kusoma, kwa hiyo sishauri mzazi yeyote abadilishe simu ya mtoto kwa ajili hiyo. Ninachotaka kionekane ni kwamba swali la macho halina jibu moja. Linategemea jicho la nani, herufi za ukubwa gani, chumba chenye mwanga kiasi gani.

Usingizi haupaswi kutuchelewesha. Ukurasa mweusi hutoa mwanga kidogo kwa jumla, na chumbani usiku hilo ni jema, hasa kwa aliyelala pembeni yako. Lakini mwanga wa buluu unaolaumiwa kuchelewesha usingizi hupunguzwa na kichujio kingine, kile kinachoipa skrini rangi ya manjano jioni. Hivyo ni vitufe viwili tofauti, na mtu aliye na video nyeupe inayong'aa ndani ya programu nyeusi hajajikinga na chochote.

Ikiwa basi faida inabadilika kwa jicho, kioo na saa, mwandishi wa ukurasa hawezi kuijua. Anayeijua ni msomaji peke yake. Ajabu ni kwamba waliobuni lugha ya kurasa walilifahamu hilo mapema. Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa katika maabara ya CERN, alipotoa pendekezo la kwanza la kile ambacho baadaye kiliitwa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, aliandika mfumo ambamo mwandishi na msomaji wangegawana usemi. Kila kanuni ya rangi au ukubwa ingeweza kubeba asilimia ya ushawishi, na kivinjari kingezichanganya. Asilimia hizo hazikudumu, lakini wazo la faili la mitindo la msomaji mwenyewe lilibaki. Katika CSS2 ya mwaka 1998 ilikubaliwa kwamba msomaji akisisitiza kanuni yake, inamshinda mwandishi.

Kwa vitendo mambo yalikwenda kinyume. Tangu mwaka 1995 kivinjari cha Netscape 1.1 kilikuwa kimewapa waandishi uwezo wa kupaka rangi ukurasa mzima, na wakaufurahia kupita kiasi: waliopita GeoCities, huduma ya kurasa binafsi za wakati huo, wanazikumbuka kurasa nyeusi zenye maandishi ya zambarau na nyota zinazometameta. Makampuni yalipoingia, rangi ikawa sehemu ya nembo, na hakuna aliyetaka mgeni aiguse. Faili la mitindo la msomaji lilibaki likijulikana na wachache, na mwaka 2014 Chrome ikaliondoa kabisa. Aliyetaka giza akabaki na ujanja wa kugeuza rangi za kioo kizima, zana iliyowekwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu.

Ujanja huo bado unatumika, hata ndani ya viongezo vya vivinjari, na inafaa kuueleza kwa sababu unaonyesha kwa nini kazi hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kivinjari huamriwa kugeuza kila rangi kuwa kinyume chake: nyeupe inakuwa nyeusi, nyekundu inakuwa samawati. Kisha rangi zote huzungushwa nusu duara ili nyekundu irudi karibu na wekundu wake. Maandishi yanasalimika. Picha za watu hazisalimiki. Zinageuka kama negativu za filamu, meno meusi na nywele nyeupe. Basi picha hugeuzwa mara ya pili zirudi zilivyokuwa. Halafu inagundulika kwamba nembo ya shirika ni picha yenye herufi nyeusi na usuli usio na rangi, na sasa imezama gizani haionekani. Kila kiraka kinadai kingine.

Nafuu ya kweli ilikuja mwaka 2019. Apple walikuwa wameshaweka mandhari meusi kwenye macOS Mojave mwaka 2018, na mwaka uliofuata iOS 13 na Android 10 zikafanya vivyo hivyo kwenye simu. Mwaka huohuo wa 2019 vivinjari vikajifunza kuupelekea ukurasa habari moja ndogo: mwenye kifaa hiki amechagua mwanga au giza. Safari ilianza Machi, Firefox ikafuata Mei, Chrome Julai. Katika CSS swali hilo huandikwa prefers-color-scheme, na mwandishi wa ukurasa anaweza kutayarisha seti mbili za rangi, kila moja ikijitokeza kwa wakati wake.

Nimesema nusu ya mamlaka kwa sababu hii ni rai tu. Msomaji anaomba, mwandishi akipenda anaitikia. Na wanaoitikia mara nyingi huitikia vibaya. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kazi ni kubadili usuli na herufi basi. Chukua buluu ya kawaida ya viungo, ile ambayo vivinjari vimeitumia miaka yote. Kwa kipimo cha utofauti kinachotumiwa na WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa zifikiwe na watu wote, ambamo nyeusi juu ya nyeupe hupata 21 kwa 1, buluu hiyo juu ya weupe inapata 9.4. Juu ya weusi inaporomoka hadi 2.2, wakati mwongozo unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Ukurasa unageuka mweusi, na viungo vyote vinatoweka. Dawa ya sehemu ya tatizo hili ni fupi sana: tamko la color-scheme, linalokiambia kivinjari kwamba ukurasa unakubali giza, nacho kikabadilisha chenyewe rangi ya viungo, visanduku vya fomu na pau za kusogezea. Inashangaza ni kurasa ngapi zinalisahau.

Kosa la pili ni weusi mtupu. Mwongozo wa Material Design wa Google ulipendekeza kijivu kilichokoza sana, chenye namba #121212, na maandishi meupe yaliyofifishwa kidogo. Hata herufi nyeupe kabisa juu ya kijivu hicho hubaki na utofauti wa 18.7 kwa 1, kwa hiyo hakuna kinachopotea katika usomaji, ila herufi hazimchomi mtu kwa ukali na tabaka za ukurasa zinaweza kutofautishwa kwa kijivu hafifu zaidi. Kwenye OLED unapoteza chembe ya akiba ya chaji. Mimi naona ni biashara nzuri. Rangi nazo zipunguzwe makali: nyekundu ya kitufe inayofaa juu ya weupe hutetemeka machoni ikiwekwa juu ya giza.

La tatu linawaumiza zaidi wenye mtandao wa polepole. Tovuti nyingi huhifadhi chaguo la msomaji ndani ya kivinjari, kisha hulisoma kwa programu inayopakiwa mwishoni. Ukurasa unafunguka mweupe, mwanga unakupiga usoni kitandani, halafu baada ya sekunde moja au nne ndipo giza linashuka. Mjini Dar kwenye mtandao wenye kasi huenda usilione. Kwenye basi la mkoani, penye mnara mmoja, utaliona kila ukurasa. Amri hiyo inapaswa kuwa juu kabisa ya faili, kabla ya kitu chochote kuchorwa. Na anayedhani ataokoa bando la wasomaji kwa kutenga faili mbili za rangi ajue kwamba kivinjari hupakua zote mbili hata isiyohitajika. Orodha fupi ya rangi zenye majina, ndani ya faili lilelile, ni nafuu kwa kila mtu.

Wikipedia ndiyo mfano wa ukubwa wa kazi hii. Ilianza kuwapa wasomaji wote mandhari meusi mwaka 2024, ikiwa imechelewa kwa miaka kadhaa nyuma ya tovuti za kibiashara, na uchelewaji wake unaeleweka. Makala zake zimejaa majedwali na visanduku vilivyopakwa rangi na wachangiaji wa kujitolea katika maelfu ya violezo. Mara nyingi mtu aliandika usuli wa jedwali, tuseme manjano hafifu, bila kutaja rangi ya maandishi, akijua kwamba maandishi huwa meusi. Siku maandishi ya ukurasa yalipogeuka meupe, jedwali likabaki na herufi nyeupe juu ya manjano hafifu. Zana ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, ya kukagua CSS ilikuwa ikitoa onyo hilohilo kwa miaka mingi: anayetaja rangi ya usuli ataje na ya herufi. Wachangiaji walilazimika kupita kiolezo kwa kiolezo. Kilichopatikana mwishoni ndicho ninachokiona kuwa sahihi kuliko vyote: chaguo tatu, yaani mwanga, giza, na kufuata kifaa, zikiwa mahali pamoja na chaguo la ukubwa wa herufi. Msomaji anaweza kutaka simu yake iwe nyeusi na bado asome makala ndefu juu ya weupe, na kwa ushahidi wa Düsseldorf ana sababu nzuri.

Windows ina hali inayokwenda mbali zaidi, ya utofauti mkubwa, ambamo mtumiaji hupanga rangi chache na kivinjari huzifuta karibu zote za mwandishi bila kumwuliza. Wabunifu huichukia kwa kuwa inaharibu kazi yao. Lakini ni mojawapo ya mahali pachache palipobaki ambapo ahadi ya mwaka 1998 inatekelezwa kwa kiasi kikubwa, na aliyeihitaji hana anasa ya kujali nembo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna ukuta mwingine ambao hakuna CSS inayoufikia. Sehemu kubwa ya mambo ya lazima, kama matangazo ya nafasi za kazi, fomu za kujiunga na shule, waraka wa halmashauri, ratiba ya maji, humfikia kama PDF iliyotokana na karatasi iliyopigwa skani, au picha ya tangazo la ubaoni iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa simu, hiyo ni picha. Kitufe cha mandhari meusi kinaizungushia fremu nyeusi na kuiacha ing'ae katikati. Herufi hazikui bila kuvuta kwa vidole viwili, na kisoma skrini cha asiyeona hakikuti neno hata moja la kutamka. Ofisi iliyochapa waraka huo ilikuwa na maandishi yenyewe ndani ya kompyuta, kabla ya kuyatoa kwenye karatasi, kuyagonga muhuri na kuyapiga picha.